Kuni, makaa na ufunguo wa stoo

Kina mama wetu wanaijua taabu ya kuni: safari ndefu, hofu porini, ugomvi na wenyeji. Basi tusikie ya wenzetu Wasomali wa kambi za Dollo Ado, kusini mwa Ethiopia.

Kuanzia 2012, shirika la hisani IKEA Foundation lilitoa pesa huko kupitia UNHCR. Hazikuishia kwenye mgao tu. Mifereji ilichimbwa kutoka mto Genale, wakimbizi na wenyeji wakalima pamoja. Ushirika mmoja ulishika kazi ya umeme wa jua. Mwingine ulikata mti wa miiba unaovamia malisho, ule Wakenya wanaouita mathenge, ukaugeuza makaa ya kushindilia ya kupikia. Msitu ukapumua, na watu wakapata kipato.

Pesa ya mfadhili ina mwisho, hilo sote tunalijua. Mgao ukipunguzwa, sufuria ndiyo ya kwanza kusikia. Lakini ushirika wenye hesabu safi unaweza kuendelea. Kwa hiyo mradi ukija kambini kwetu, tuulize mapema: ukiisha, nani atabaki na ufunguo wa stoo?