Mbwa Wako Anachechemea? Soma Hii Kabla Hujamtupa Kwa Maji

Boda imegonga mbwa wako, sasa anakokota mguu wa nyuma. Wasee wa ploti washakuambia huyo ameisha, tafuta mwingine. Tulia kwanza. Kuna matibabu inaitwa hidrotherapia, yaani kutibu na maji, na si mambo ya mabwanyenye kuogesha mbwa wao.

Iko hivi. Mbwa akiumia mguu, anaukunja na kutembea na ile mitatu imebaki. Mguu usipotumika, misuli inakonda chap chap. Hata mfupa ukipona, hakuna nguvu ya kuusukuma. Manze, hapo ndio wengi huharibikia.

Maji inasaidia juu inambeba. Watafiti walishapima: maji ikifika kwa kifundo cha mguu wa nyuma, mbwa bado anabeba karibu asilimia 91 ya uzito wake. Ikifika goti, 85. Ikifika nyonga, 38 tu. Yaani jibwa la kilo 40 linakanyaga chini kama la kilo 15. Na vile maji ni mazito kuliko hewa, kila hatua ni zoezi. Misuli inajengeka bila viungo kuumizwa.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni tredimili iliyo ndani ya tangi, mbwa anatembea polepole maji ikiwa imepimwa. Ya pili ni kuogelea, akiwa na jaketi ya kuelea na mtu amemshika. Maji huwa vuguvugu, kama nyuzi 30 hivi, juu baridi inakaza misuli. Siku za kwanza ni dakika chache tu.

Inafaa nani? Wale wamefanyiwa operesheni ya goti ama uti wa mgongo, wazee wenye viungo vinauma, wanene, na German Shepherd wenye nyonga hazikai poa, shida ambayo wengi wao hurithi.

Sasa usikimbie kumrusha kwa mto. Maji haiungi mfupa. Kama umevunjika, lazima kwanza apigwe eksirei na mfupa ushikiliwe. Mwenye kidonda wazi, homa, kuharisha ama shida ya moyo asiingie majini kabisa mpaka daktari aseme. Kupumua kwa shida, ufizi kugeuka rangi ama kukataa kusonga, hiyo ni kumtoa mara moja.

Kama uko Nairobi, Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama huko Kabete. Mpeleke daktari achunguze mguu, halafu uliza maswali mawili: huu mguu bado unahisi? Na naeza anza mazoezi lini? Kama tangi haipatikani karibu, mwambie akuonyeshe mazoezi ya nchi kavu ya kufanya kwako.

Majibu ya hayo maswali ndio yataamua kama mbwa wako ameisha. Si wasee wa ploti.