Saa 8:00 ni Saa Ngapi? Kuipima Tovuti ya Kliniki kwa Mgonjwa Mwenyewe

Bibi mmoja mwenye kisukari alitoka Makunduchi kwa daladala, akafika kliniki ya macho mjini Unguja saa nane mchana. Miadi yake ilikuwa saa mbili asubuhi, na mtaalamu wa leza alikwisha kuondoka. Tovuti iliyompa miadi iliandika “8:00” tu, mjukuu wake akamsomea, “Saa nane, bibi.” Hakukosea. Waliounda ukurasa walihesabu saa kuanzia usiku wa manane, ilhali Mswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza. Kwa jicho ambalo mishipa ya retina imeanza kuvuja damu, kungoja miadi nyingine ni kuuweka uoni hatarini.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11 huutazama utumikaji wa mfumo kwa mambo matatu: iwapo mtumiaji ametimiza lengo lake, kwa juhudi na muda gani, na ameridhika kiasi gani. Tovuti ile ilipendeza na ilifunguka upesi. Ilishindwa katika jambo la kwanza.

Nikiwa daktari wa macho, naongeza suala la maandishi. Baada ya umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hukakamaa na herufi ndogo za karibu hufifia. Mtoto wa jicho naye hutawanya mwanga. Herufi za kijivu juu ya weupe, mtindo unaopendwa mno na wabunifu, hutoweka kabisa mgonjwa anapofungua simu juani pale Darajani. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti hutaka uwiano wa ung’avu kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake usipungue 4.5 kwa 1.

Tathmini haihitaji maabara. Kwa mfano wa kihesabu wa Jakob Nielsen na Thomas Landauer wa mwaka 1993, iwapo kila mtumiaji hukumbana na takriban thuluthi moja ya kasoro, watumiaji watano hufichua kama asilimia 85 ya kasoro zote. Watano hao wawe wagonjwa, wala si vijana wa ofisi ya kompyuta. Mzee anayesomewa na mjukuu apimwe pamoja na mjukuu huyo. Mpe kazi moja: “Sogeza miadi yako hadi Jumatatu.” Kisha nyamaza, jambo lililo gumu kwetu madaktari, uandike nani amemaliza, kwa dakika ngapi, na kidole kimesita wapi.

Lipo pia dodoso la John Brooke la mwaka 1986, lenye kauli 10 na alama kuanzia 0 hadi 100. Wastani wake ni takriban 68. Ni zuri kwa kulinganisha toleo la zamani na jipya, ila halionyeshi kasoro iko wapi. Tena Unguja ni kwa watu wenye adabu: mgonjwa aliyeshindwa kabisa atakwambia, “Nzuri, mwanangu.” Mimi huamini zaidi kidole kilichosita.

Miadi ya bibi yule ingeokolewa na maneno manne: “saa mbili kamili asubuhi”, yaliyoandikwa kwa herufi, kisha yakarudiwa katika ujumbe mfupi siku moja kabla.