Bwawa la Majitaka, Mtambo Unaoendeshwa na Jua

Je, wajua kwamba majitaka ya jiji yanaweza kusafishwa bila injini wala kemikali? Mabwawa ya Vingunguti, Dar es Salaam, yanafanya kazi hiyo kwa jua, upepo na viumbe wasioonekana kwa macho. Ukipita kando yake utadhani ni maji yaliyosimama tu.

Majitaka hufika kwa mabomba na kwa magari ya kunyonya vyoo, maana nyumba nyingi za jiji hili bado zinategemea vyoo vya shimo na makaro. Langoni kuna kichujio cha nondo, na hapo mtu mwenye reki huopoa pampasi, vitambaa, chupa na mifuko ya plastiki. Hakuna kazi ya mkono yenye maana kuliko hii. Taka hizo zikiachwa zipite, huziba njia za maji kutoka bwawa moja hadi jingine.

Bwawa la kwanza huwa na kina cha mita 2 hadi 5, nalo ni jeusi. Humo hamna oksijeni, na bakteria wasioihitaji humeng'enya kinyesi huku wakitoa methani na hewa yenye harufu ya yai viza. Katika joto la pwani, siku chache tu zinatosha kuondoa zaidi ya nusu ya uchafu. Mayai ya minyoo ni mazito kuliko maji, hivyo mengi huzama kwenye tope.

Bwawa la pili, lenye kina cha mita 1 hadi 2, ndilo linalonishangaza kila nikilifikiria. Humo mmejaa mwani mdogo mno, ndio unaoyapa maji rangi ya kijani. Bakteria wanapokula uchafu hutoa hewa ya ukaa; mwani huichukua na, kwa nguvu ya jua, huwarudishia oksijeni. Alasiri, mwani ukishakuwa umeifyonza karibu hewa yote ya ukaa majini, kipimo cha pH hupanda juu ya 9. Ukali huo wa alkali, pamoja na mwanga na oksijeni nyingi, huwaua bakteria wa kinyesi. Bwawa la tatu ni la kina kifupi, mwanga upenye vizuri, na kazi yake kubwa ni kumaliza vimelea waliosalia.

Wazoefu huyasoma mabwawa kwa rangi. Bwawa la pili likiwa la kijani, ni zima. Likigeuka waridi au zambarau, bakteria wa salfa wametawala, dalili kwamba limebebeshwa uchafu kuliko uwezo wake.

Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba maji ya kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi yasizidi bakteria 1,000 wa kinyesi katika mililita 100, wala yai 1 la minyoo katika lita. Mabwawa yaliyopangwa na kutunzwa vizuri hukifikia kiwango hicho. Kwa Dar es Salaam jambo hili ni zito, kwa sababu maji ya Vingunguti huingia Mto Msimbazi, na bondeni humo watu hulima mchicha kabla mto haujamwaga baharini karibu na Daraja la Salenda.

Adui mkubwa wa bwawa ni tope. Likijaza nusu ya bwawa, maji hukaa humo nusu ya muda uliokusudiwa, na vimelea hutoka wakiwa hai. Kulizoa ni kazi ghali na chafu, lakini kuiahirisha ni kuuacha mtambo ufe huku ukionekana mzima.

Hata maji yasiyo na vimelea bado yana nitrojeni na fosforasi, chakula cha mwani wa baharini unaoweza kuyafunika matumbawe. Ndiyo maana watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamejaribu kuyapitisha maji ya mabwawa katika vitalu vya kokoto vilivyopandwa matete. Mizizi hufyonza sehemu ya nitrojeni, na matete yakikatwa na kupelekwa mbali, nitrojeni hiyo huondoka pamoja nayo.