KARATASI YA KIPIMO CHA HOMA YA INI INASEMA NINI?



Kijana mmoja alikwenda kumtolea damu dada yake aliyekuwa anajifungua. Kama ilivyo kawaida, damu yake ilipimwa kwanza Ukimwi, kaswende na homa ya ini. Akaambiwa haifai kupewa mgonjwa, akapewa karatasi iliyoandikwa "HBsAg: chanya". Hakuna aliyemweleza zaidi. Nyumbani mke akamwuliza, "Umeitoa wapi?" Haikupita muda, mke akarudi kwa wazazi wake pamoja na watoto, na kijana akaanza kunywa dawa za mizizi. Alipotufikia alikuwa na swali moja tu: "Mama, nitakufa lini?"

Kwa ajili yake, na kwa ajili ya wengine wenye karatasi kama hiyo, leo tujifunze kuisoma.

HOMA YA INI YA B NI NINI?
Ni ugonjwa wa ini unaoletwa na virusi. Huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Watoto wadogo pia huambukizana kwa vidonda na mikwaruzo. Hauambukizwi kwa kula sahani moja, kushikana mikono wala kukumbatiana.

Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili hushinda wenyewe. Kwa kila watu wazima 100, hawafiki 5 wanaobaki na virusi maisha yote. Lakini kwa watoto wachanga 100 walioambukizwa, 90 au zaidi hubaki navyo. Ndiyo maana wengi waliogundulika leo waliupata utotoni bila kujua. Nchini Tanzania chanjo hii ilianza kutolewa kwa watoto mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata kliniki. Kwa hiyo karatasi haisemi mtu aliambukizwa lini wala na nani. Usiifanye kuwa ushahidi wa uzinzi.

MASWALI MATATU, VIPIMO VITATU
1. HBsAg huuliza: Je, virusi vimo mwilini sasa?
2. Anti-HBs huuliza: Je, mwili una kinga?
3. Anti-HBc huuliza: Je, mwili umewahi kukutana na virusi vyenyewe?

Mara nyingi kinachopimwa ni cha kwanza peke yake. Vikipimwa vyote vitatu, majibu husomwa hivi:

- Vyote hasi: huna virusi, wala huna kinga. Tafuta chanjo.
- Anti-HBs peke yake chanya: una kinga iliyotokana na chanjo.
- Anti-HBs na anti-HBc chanya, HBsAg hasi: uliwahi kuambukizwa, ukapona, na una kinga.
- HBsAg na anti-HBc chanya: virusi vimo.

Majibu yakiwa na mpangilio mwingine, mwachie daktari ayasome. Kumbuka pia kwamba aliyeambukizwa karibuni anaweza kupata jibu hasi, kwa kuwa HBsAg huchukua wiki kadhaa kuonekana katika damu.

NIKIONEKANA NINA VIRUSI, NIFANYE NINI?
Kwanza, usikate tamaa. Rudia kipimo baada ya miezi 6. Kikiwa hasi, mwili umeshinda. Kikiwa bado chanya, ugonjwa umekuwa wa kudumu. Lakini usisubiri miezi hiyo kumwona daktari, hasa macho yakiwa ya manjano, tumbo likijaa maji au ukitapika damu. Hapo nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Daktari atapima hali ya ini na, inapowezekana, wingi wa virusi katika damu. Kipimo hiki cha mwisho huenda ukahitaji kusafiri au sampuli yako kupelekwa hospitali kubwa. Si kila mwenye virusi huhitaji dawa mara moja, lakini kila mmoja ahitaji kufuatiliwa, kwa sababu ini laweza kuharibika au kupata saratani kimya kimya. Dawa ipo, inaitwa tenofoviri. Huvizuia virusi, ingawa kwa kawaida haviishi kabisa. Usiombe vidonge kwa jirani, wala usianze kabla ya kupimwa Ukimwi, wala usiache bila daktari kukuambia.

Acha pombe, gongo na kangara pia. Acha dawa za mizizi, maana nyingine huliumiza ini hilo hilo. Mahindi na karanga zilizoota ukungu usile wala usipike: sumukuvu iliyomo, ikikutana na virusi hivi, huongeza sana hatari ya saratani ya ini. Kausha mazao yako vizuri kabla ya kuyahifadhi.

NA FAMILIA JE?
Mwenzi na watoto wapimwe. Wasio na virusi wala kinga wachanjwe. Mtu mzima huchomwa sindano tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, na ya tatu miezi 6 tangu ya kwanza. Kabla hazijakamilika, wenzi watumie njia ya kujikinga. Wembe na mswaki kila mtu awe na wake. Watoto hupata chanjo hii kliniki wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Angalieni kadi zao. Mama mjamzito mwenye virusi awaambie wahudumu mapema, kwani zipo dawa za kumkinga mtoto, na mtoto apaswa kuchanjwa ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa pale chanjo hiyo inapopatikana. Kunyonyesha anaruhusiwa.

Mke wa yule kijana alikubali kuja. Alipimwa, hakuwa na virusi wala kinga, akaanza chanjo. Kadi za watoto zilikuwa zimekamilika. Kijana mwenyewe ini lake bado ni zima, naye huja kupimwa kila anapopangiwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipewa karatasi usiondoke kimya. Uliza: Virusi vimo? Kinga ninayo? Nirudi lini? Ni haki yako kujibiwa.