Wenge ya Kweli Ni Ipi?

Weka watu wawili wenye miaka zaidi ya arobaini katika parsele moja, kisha uwaulize Wenge ya kweli ni ipi. Wa kwanza atajibu, "Iko ya JB." Wa pili atasema, "Hapana, yaya! Ni Maison Mère, ya Werrason." Bukari itapoa mezani na hawajamaliza. Ninyi vijana mnawacheka wazazi wenu, lakini wengi kati yenu mmerizi ubishi huo bila kurizi kaseti. Basi sikilizeni ulianza namna gani.

Wenge Musica ilianzishwa na wanafunzi wa Bandalungwa, kule Kinshasa, mwaka wa 1981. Didier Masela alikuwa mmoja wa waanzilishi. Kisha JB Mpiana na Werrason wakawa ndio sura ya orkestra. Mwaka wa 1996 walitoa Pleins Feux, na hata mtu asiyependa muziki wa dunia aliisikia, sababu jirani hakumwomba ruhusa. Mwaka wa 1997 JB akatoa albamu kwa jina lake mwenyewe, Feux de l'amour. Ilipendwa sana. Hapo maneno ya ukubwa yakazidi: orkestra ni ya wote, ao ni ya mtu mmoja? Mbele ya mwaka huo kwisha, kundi likakatika.

Sasa angalia majina. JB alibaki na Wenge BCBG. Werrason, Masela na Adolphe Dominguez wakajiita Wenge Musica Maison Mère, maana yake Nyumba Mama. Hakuna upande uliosema, "Sisi tuko wapya." Wote wawili walishika jina la zamani, kama watoto wanaogombania shamba la baba. Ndiyo sababu kununua kaseti moja kulikuwa kama kutoa ushahidi mbele ya tribinali.

Mwaka wa 1998 albamu mbili zikatoka: Titanic ya BCBG na Force d'intervention rapide ya Maison Mère. Watu wa JB walisema: kwetu kuna sauti, kuna nyimbo za upendo, kule ni makelele tu. Watu wa Werrason walisema: kwetu kuna moto, ninyi mnatulaza usingizi. Na kila mmoja alipima kaseti ya mwenzake kwa kipimo cha Pleins Feux, akaona inapungukiwa. Ya kwake hakuipima hata kidogo.

Manunguniko hayo hayakuwa bure yote. Wimbo wa namna ile unaanza polepole, waimbaji wakiimba pamoja. Kisha unaingia sebene: gitaa linakimbia, na atalaku anapiga kelele za kuwaongoza wachezaji. Ukimwondoa mwimbaji mmoja, kwaya inakuwa na tundu. Ukimwondoa atalaku, ngoma yenyewe inabadilika, kwani miguu ilizoea sauti yake. Mtu aliyesema "kitu fulani kimepotea" alisikia vizuri. Alikosa kusikia tu kwamba kimepotea pande zote mbili.

Tena kuna kitu kilichopatikana. Ferre Gola, aliyezaliwa mwaka wa 1976, alikuwa kijana tu katika lile kundi kubwa lenye wakubwa wengi. Katika Maison Mère alipata nafasi. Usikilize Vita Imana katika Solola Bien ya mwaka wa 1999, halafu uniambie kama Wenge ilikufa. Kwa maoni yangu, bila kukatika kule tungengoja sana kuisikia sauti hiyo vile inavyostahili.

Lakini bei ililipwa nyumbani. Labda ndivyo ilivyokuwa katika jamaa yenu: ndugu wa tumbo moja wanakatazana radio, rafiki wa masomo wanaacha kuazimana kaseti, kisha hata salamu inakuwa shida. Na wanamuziki wenyewe hawakuwajua!

Mwaka wa 2004 ikawa zamu ya Maison Mère. Ferre Gola, JDT Mulopwe na Bill Clinton walitoka, wakaunda Les Marquis. Wale waliowacheka watu wa BCBG walianza kuuliza maswali yale yale: nani amebaki, nani ni wa kweli? Na tarehe 30 Juni 2022, JB na Werrason walisimama pamoja katika Stade des Martyrs, Kinshasa, karibu miaka 25 nyuma ya kuachana. Kuna baba ambaye mpaka siku hiyo alikuwa hajasikia Titanic yote, upande A na upande B.

Kama kaseti ziko bado nyumbani, fanyeni hivi jumamosi moja. Mwanzo Pleins Feux. Kisha zile mbili za 1998, na mtoto mdogo azichague bila kusema jina. Yaya asikie mpaka mwisho, ndipo aseme ni ipi.