Mguu mpana, njumu nyembamba: Mchana mmoja Kariakoo kumsakia dogo kiatu

DOGO alifika kwangu Jumatano jioni akitokea mazoezini, njumu zimening'inia shingoni kwa kamba zake, anatembea kama mtu anayekanyaga kokoto.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mguu umefanyaje?"

Akasema hakuna kitu. Nikamwambia avue soksi.

Kucha za vidole gumba vyote viwili zilikuwa nyeusi tii. Kidole cha mwisho cha mguu wa kulia kilikuwa na lengelenge limeshapasuka, na nyuma ya kisigino kulikuwa na kidonda kibichi. Huyu ni mtoto wa dada yangu, ana miaka 17, anacheza beki wa kulia, na Jumamosi alikuwa na majaribio kwenye timu ya vijana ya klabu moja ya hapa mjini. Katikati zimebaki siku mbili tu.

Njumu alinunua mwenyewe kwa hela aliyodunduliza miezi kadhaa. Namba 42, ndiyo namba yake ya siku zote. Rangi inawaka hadi unafumba macho, aina ileile anayovaa staa wake kwenye televisheni. "Zinabana kidogo tu mjomba, zitaachia," akaniambia.

Kauli hiyo naijua, maana niliitoa mimi mwenyewe mwaka 1998. Nilikwenda kwenye majaribio na njumu za kuazima, nikiamini zitaachia. Dakika ya 20 nikainua mkono kuomba kutoka. Kocha nikamwambia ni nyama za paja, lakini nilikuwa namdanganya. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, napigiwa pasi na sijui mpira umenigusa wapi. Sikuitwa tena, na sijawahi kumsimulia mtu habari hiyo mpaka Jumatano ile.

Mimi na dogo tumerithi mguu mmoja. Mbele umepanuka kama pasi ya mkaa, nyuma kisigino chembamba, na wayo umelala chini wote bila kijibonde. Mtaani wanauita mguu wa bata. Kama na wewe unao, unajua taabu yake dukani.

Kabla ya kwenda popote nilimpima. Kazi yenyewe ni rahisi na haina gharama. Weka karatasi sakafuni, simama kisigino kikigusa ukuta, uzito wote juu ya mguu huo, uwe umevaa soksi unayochezea. Mtu mwingine aweke alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, na nyingine mbili pembeni pale mguu ulipo mpana zaidi. Halafu rula. Pima miguu yote miwili, na upime jioni, kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Kiatu kinachokaa sawa asubuhi kinaweza kukunyonga saa kumi na moja, na ndiyo saa ya mechi zetu.

Mguu wa kushoto ulikuwa sentimita 26.4. Wa kulia 26.9.

Nikachukua njumu, nikafunua ulimi kusoma kile kibandiko kidogo ambacho hakuna anayekisoma. Pale panaandikwa namba za nchi mbalimbali, na mwisho kuna kipimo cha sentimita au cha Japani. Hicho ndicho cha kushika, kwa sababu kinataja urefu wa mguu ambao kiatu kimetengenezewa. Njumu za dogo zilisoma 26.5. Kwa hiyo mguu wake wa kulia ulikuwa mrefu kuliko kiatu tangu siku ya kwanza, na angeweza kusubiri ziachie mpaka ligi iishe.

Namba hizi zinachanganya watu wengi. Namba 42 ya Nike, kwa Waingereza ni saba na nusu. Namba 42 ya Adidas, kwa Waingereza haohao ni nane. Ukihama kutoka kampuni moja kwenda nyingine kwa kushika namba tu, unabahatisha. Na hata ukiipata sawa, namba inakueleza urefu peke yake. Kuhusu upana haisemi lolote, na sisi wa mguu wa bata tunaumia kwenye upana.

Alhamisi mchana tukapanda mwendokasi, tukashuka Msimbazi Polisi, tukazama ndani ya Kariakoo. Mtaa wa Msimbazi unaujua: wekundu wa Simba pale klabuni kwao, jezi zimetundikwa mpaka kwenye nguzo za umeme, na ukikata kuelekea Twiga na Jangwani unaingia kwenye kijani na njano ya Yanga. Njumu zimepangwa kwenye meza, kwenye kuta, nyingine zimefungwa mafungu kama samaki.

"Karibu mzee wangu, namba ngapi?" Kijana wa duka la kwanza alikuwa mchangamfu. Nikamwambia mguu mpana. "Hilo dogo sana, ongeza namba moja."

Akatoa 43. Dogo akavaa, uso ukafunguka, vidole vimepata nafasi. Nikamwambia aruke, akimbie hatua tano, asimame ghafla. Kisigino kikapanda na kushuka kama kwenye kandambili, na aliposimama mguu wote ukateleza mbele ukagonga ncha.

Hapo ndipo wenzangu wengi wanapoangukia. Ukikosa upana, unanunua urefu. Kiatu kirefu hakikuponyi kucha nyeusi, maana kila ukifunga breki mguu unakwenda mbele. Pia sehemu ambayo soli imetengenezwa kukunjika haikai tena chini ya maungio ya vidole vyako. Ukigeuka ghafla, mguu unageukia ndani ya kiatu huku kiatu kimebaki kimeng'ang'ania ardhi, na kifundo kinalipia. Kwa beki wa pembeni anayegeuka na winga mara 30 kwa mechi, hiyo ni hatari tupu.

Duka la pili tulitumia mbinu niliyofundishwa na fundi mmoja zamani. Toa soli ya ndani, iweke chini, ikanyage kwa uzito wako wote. Angalia pembeni. Nyama ya mguu ikimwagika nje ya soli, kiatu hicho si chako hata kikiwa cha bure. Ya dogo ilimwagika kila upande. Tulifanya hivyo kwa njumu saba. Muuzaji alituvumilia mpaka ya tano, baada ya hapo akaanza kuhudumia watu wengine, na simlaumu.

Nyingi zilikuwa hizi za kisasa, laini kama soksi, zinazotengenezwa kwa malighafi ya viwandani. Ni nyepesi na zinapendeza, lakini haziachii kama ngozi. Ngozi halisi hunyooka kadiri unavyocheza, na ndiyo maana wenye miguu mipana wameipenda Copa Mundial ya Adidas tangu ilipotoka mwaka 1979. Nike Tiempo za zamani nazo zilikuwa za ngozi ya kangaruu. Mwaka 2023 Nike ilitangaza kuachana na ngozi hiyo, kwa hiyo za namna ile sasa unazisaka kwenye mitumba.

"Mjomba, bora nicheze peku," dogo akasema tukiwa tumesimama juani.

Alikuwa anatania, lakini mwenzake alifanya kweli. Mwaka 1960, kwenye Olimpiki ya Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia alijaribu viatu alivyopewa, hakuna kilichomkaa vizuri. Alikuwa amezoea mazoezi ya peku, basi akaingia marathoni peku na kuchukua medali ya dhahabu kwa saa 2:15:16, wakati wa haraka kuliko wote hadi siku hiyo. Miaka minne baadaye kule Tokyo alishinda tena, safari hii na viatu vilivyomkaa. Nikamwambia dogo kwamba Bikila hakuwa na mtu wa kumkanyaga kwa njumu.

Tukatembea mpaka Mchikichini, kule wengi wanakoita Karume, kwenye mitumba. Hapa unahitaji jicho. Kiatu cha mtumba kimeshachukua umbo la mguu wa mwenzako, kwa hiyo kiweke mezani kwanza uone kama kimelalia upande. Angalia meno ya soli: yakiwa yameliwa nje tu au ndani tu, mwenyewe alikuwa anatembea kombo na kiatu kitakupeleka kombo. Kunja mbele usikie kama gundi inalia. Ingiza mkono nyuma pa kisigino. Kitambaa kikiwa kimetoboka, utavuja damu.

Angalia na herufi pia. FG ni ya nyasi halisi, AG ya nyasi bandia, TF ni vile vyenye vimeno vifupi vingi vya mpira. SG ya meno marefu ya chuma iache, viwanja vyetu vya vumbi vitakuvunja magoti. Majaribio ya dogo yalikuwa kwenye nyasi bandia.

Saa kumi na moja kasoro tukaipata. Nyeusi, ya ngozi, imechakaa kwa heshima, kibandiko kinasoma sentimita 27. Dogo aliiangalia kama mtu aliyeletewa ugali wa jana. Haina rangi, haina staa. Akakanyaga soli ya ndani: mguu umeenea, isipokuwa pale kwenye mfupa wa kidole cha mwisho. Muuzaji alianzia 70,000, tukaachana kwenye 45,000.

Huo mfupa tukaupeleka kwa fundi. Yeye hakuuliza namba, alimwambia dogo avue na akamshika mguu, akapapasa kama daktari, kisha akaweka alama ya chaki kwenye ngozi ya kiatu. Akalowesha sehemu hiyo kwa kitambaa chenye maji, akachukua foroma ya mti yenye umbo la mguu, akabandika kipande kidogo cha ngozi pale penye alama kiwe kama nundu, akaizamisha ndani na kuikaza. "Kesho saa sita," akasema. Shilingi 5,000, pamoja na soli nyembamba ya ziada kwa mguu wa kushoto ulio mfupi. Ukiwa na miguu isiyolingana, nunua kwa ule mkubwa, mdogo uujazie. Kinyume chake haiwezekani.

Nikiwa kwenye benchi lake nilikumbuka vijana wa Nairobi, Ice Lions, wanaocheza hoki kwenye barafu ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Uwanja ule ulifunguliwa mwaka 2005, na mwaka 2018 walipelekwa Canada, wakacheza huku Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wamevaa jezi yao. Viatu vya mchezo ule ni vigumu kama ndoo. Kikikubana, hakiachii kwa mapenzi. Kwa hiyo dukani wanakiingiza kwenye oveni ndogo dakika chache, mchezaji anakivaa kingali na joto, anafunga kamba na kukaa kimya mpaka kipoe kwa umbo la mguu wake. Penye nundu, fundi anapasukuma kwa mashine. Aliyeshindikana kabisa hupimwa mguu mzima na kutengenezewa jozi yake peke yake.

Yule fundi wa Karume anafanya kazi ileile kwa maji na mti. Usijaribu kuiga ya oveni kwa njumu, lakini. Gundi itaachia, na soli utaikuta jikoni.

Ijumaa jioni dogo alizivaa nyumbani na soksi mbichi, akapanda na kushuka ngazi kama saa nzima, mpaka majirani wakauliza kuna nini. Kamba tuliruka tundu moja pale mguu ulipo mpana, juu tukakaza ili kisigino kitulie. Kidonda kilifungwa vizuri. Kucha hazikuwa na dawa, zinasubiri kuota upya.

Jumamosi nilisimama nyuma ya goli, sikutaka anione. Wenzake walikuwa wanang'aa miguuni kama taa za harusi, yeye na nyeusi zake. Alicheza dakika 45 zote za kwanza. Alipitwa mara mbili, moja ilikuwa aibu kweli. Lakini alikuwa anageuka, anasimama, anarudi. Sikumwona akiangalia miguu.

Ameambiwa arudi Jumanne. Hawajasema zaidi ya hapo.

Zile za rangi amemuuzia kiungo wa timu yao ya mtaani, mguu mwembamba kama wa swala, zimemkaa kama kazaliwa nazo. Nyeusi ziko kivulini kwenye dirisha langu zinakauka, nimezijaza magazeti ndani zisipoteze umbo. Kurasa za michezo za wiki iliyopita.