Tela la kubebea gari la mashindano: Tabora ni tambarare, Sekenke si tambarare

Gari la mashindano likitoka gereji ya Gongoni, Manispaa ya Tabora, kwenda kwenye mbio za Morogoro au Bagamoyo, si vizuri kuliendesha njia nzima. Matairi yake ni ya vumbi na injini imekazwa kwa kazi ya muda mfupi. Tena likigonga mti au likipasua gia huko, lazima lirudi nyumbani hata kama haliwaki.

Kwa hiyo linabebwa. Hapo ndipo wengi hukosea. Wakinunua pikapu na tela huuliza swali moja tu: linavuta?

Kwa Tabora, karibu kila gari linavuta. Barabara za mjini ni tambarare, na mtu akizunguka na tela kutoka Gongoni hadi stendi anarudi akiwa na uhakika kwamba chombo kiko sawa. Lakini kinachoua ni kushindwa kusimama, na hilo halionekani kwenye tambarare.

Njia mbili, mteremko kila upande

Mji wa Tabora uko kwenye uwanda wa juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari. Kutoka hapo kwenda kwenye mashindano kuna njia kuu mbili.

Ya kwanza inapita Nzega na Igunga hadi Singida, kwa anayekwenda Arusha. Kabla ya kufika Singida kuna mlima Sekenke. Wakati wa kwenda gari linapanda, na wakati wa kurudi linashuka.

Ya pili inapita Itigi na Manyoni hadi Dodoma, kwa anayekwenda Morogoro au Bagamoyo. Baada ya Manyoni, eneo la Saranda, barabara inashuka kuingia Bonde la Ufa kuelekea Bahi. Safari ya Tabora hadi Morogoro kwa njia hii ni zaidi ya kilomita 600.

Maana yake, mtu wa Tabora anakutana na mteremko mkali akiwa mbali na nyumbani, matairi na breki vikiwa vimeshapata moto wa safari.

Hesabu ya kilo kabla ya hela

Kabla ya kwenda kuangalia pikapu yoyote, mwenye gari anapaswa kujua kilo zake. Mfano wa Subaru Impreza iliyotengenezwa kwa mbio:

- Gari lenyewe, pamoja na fremu ya vyuma ya kumlinda dereva ndani: kama kilo 1,400
- Tela la chuma la ekseli mbili, likiwa tupu: kama kilo 800
- Matairi manne ya akiba, jeki, vifaa na madumu ya mafuta: kama kilo 200

Jumla ni kilo 2,400. Hizi ni za makadirio. Jibu la uhakika hutoka kwenye mizani kubwa ya magari, ambako tela hupimwa likiwa na mzigo wake wote. Fundi anayechomelea tela kwa chuma kizito anaweza kuongeza kilo 200 bila mtu kugundua kwa macho.

Pikapu ipi inafaa?

Kila gari lina kiwango cha kuvuta kilichowekwa na kiwanda. Kwa kawaida viwango huwa viwili: cha tela lenye breki zake na cha tela lisilo na breki.

Katika masoko kadhaa, Toyota Hilux za dizeli za 4x4 zilizotoka kuanzia 2015 zimeruhusiwa kuvuta kati ya kilo 3,200 na 3,500, tela likiwa na breki. Tela likiwa halina breki, kiwango kinashuka hadi kilo 750. Hiyo ni chini ya uzito wa tela tupu la kwenye mfano wetu.

Yaani pikapu ni ile ile na injini ni ile ile, lakini bila breki za tela haina ruhusa ya kuvuta hata tela lenyewe.

Viwango hutofautiana kwa mwaka, injini, gia na soko ambalo gari lilitengenezewa. Kwa pikapu ya mtumba, namba ya chesisi ndiyo ya kutafutia kiwango sahihi. Maneno ya dalali kwamba "hii inavuta hata nyumba" hayasaidii mteremkoni.

Mambo mengine ya kuangalia kwenye pikapu ya kuvutia ni haya:

- Chesisi isiwe na kutu, ufa wala alama za kuchomelewa upya sehemu ya nyuma
- Klachi isiteleze gari likianza kuondoka na mzigo
- Rejeta iwe nzima, kwa sababu kuvuta hupandisha joto la injini
- Chuma cha kuvutia kifungwe kwa boliti kwenye chesisi. Kisichomelewe kwenye bampa

Injini kubwa ni nzuri, lakini pikapu nyepesi yenye injini kali inaweza kusukumwa na tela lake. Anayevuta akiwa mzito kuliko anayevutwa, kazi inakuwa rahisi.

Au Canter?

Anayekwenda kwenye mbio mara moja au mbili kwa mwaka anaweza asihitaji tela kabisa. Kukodi Canter yenye bodi ya wazi huondoa tatizo la tela kuyumba, na dereva hasumbuki kurudi nyuma.

Lakini nayo ina masharti. Impreza ina urefu wa mita 4.4 hivi, na bodi za Canter hazilingani, kwa hiyo kamba ya kupimia itangulie. Gari likikaa juu ya bodi, uzito unapanda juu, na kona inayopitika kwa mzigo wa magunia inaweza kuwa hatari. Kupandisha gari kwenye tuta la udongo ni jambo la kawaida, ila Canter izuiwe matairi ili isisogee gari likiwa nusu juu nusu chini.

Tela lenyewe

Tela la trekta la shambani halifai kwa kazi hii. Mengi hayana springi wala breki, na yametengenezwa kwa mwendo wa trekta. Kwenye lami, mwendo wa 80, linarukaruka kama mpira.

Tela la kubebea gari linatakiwa kuwa na ekseli mbili. Tairi moja likipasuka, lingine upande huo hubaki limeshikilia mzigo kwa muda wa kutosha kuegesha. Kwenye ekseli moja, tairi likipasuka tela linalala upande.

Breki za tela ziko za aina mbili kuu. Ya kwanza hufanya kazi kwa msukumo: pikapu ikipunguza mwendo, tela huisukuma kwa mbele, na msukumo huo huvuta waya unaokaza breki za tela. Haihitaji umeme, na fundi wa kawaida anaielewa. Ya pili ni ya umeme. Dereva huwa na kifaa ndani ya gari cha kupangia nguvu ya breki za tela, na anaweza kuzikaza peke yake bila kugusa breki za pikapu.

Pa kuunganishia napo pana mtego. Kichwa cha duara cha chuma kwenye pikapu na kikombe cha tela lazima viwe vya kipimo kimoja. Kikombe kikubwa juu ya kichwa kidogo kitashika vizuri kwenye tambarare, kisha kitachomoka kwenye tuta la kwanza. Ndiyo maana tela hufungwa pia minyororo miwili, ikipishana kwa chini, ili pua likichomoka lidakwe kabla ya kugusa lami.

Pua la tela lipimwe kwa mizani ya mazao

Hapa ndipo ajali nyingi za tela huanzia, na kinga yake ni ya bei rahisi.

Uzito unaokaa kwenye pua la tela, yaani sehemu inayokalia pikapu, unatakiwa uwe karibu asilimia 10 ya uzito wote wa tela na mzigo. Kwa kilo 2,400, pua libebe kilo 240 hivi, mradi zisizidi kiwango cha pikapu na cha chuma chake cha kuvutia. Pua likiwa jepesi, tela huanza kutikisa mkia, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu ya kuigeuza pikapu. Pua likiwa zito sana, pikapu hukaa kitako na matairi ya mbele hupoteza mshiko.

Kupima hakuhitaji mtambo. Mizani ya jukwaa, kama ile ya kupimia magunia ya mazao, inatosha. Tela likiwa limepakiwa na kusimama sawa na ardhi, huku matairi yake yamezuiwa, pua huwekwa juu ya gogo lililokaa kwenye mizani. Namba ikiwa ndogo, gari linasogezwa mbele kidogo. Ikiwa kubwa, linarudishwa nyuma.

Ikishapatikana, panapigwa alama ya rangi kwenye sakafu ya tela pale matairi yaliposimama. Safari nyingine hakuna haja ya kubahatisha.

Funzo la zamani kwenye njia hii hii

Njia ya kwenda Tabora ilishawafundisha watu kuhusu vyombo vya mizigo. Karne ya 19, mali ya misafara kati ya pwani na Unyanyembe ilibebwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi. Mzigo ulipimwa kabla ya safari, kwa sababu uliozidi ungemwangusha mtu njiani.

Mwaka 1876, Roger Price wa London Missionary Society, aliyewahi kufanya kazi kusini mwa Afrika, alijaribu njia ya Saadani hadi Mpwapwa akiwa na ng'ombe. Aliona mikokoteni ya maksai ingewezekana. Msafara wa mwaka uliofuata ulipokuja na mikokoteni, maksai walikufa kwa ugonjwa wa ndorobo, na mizigo ikarudi mabegani.

Mikokoteni ile ilikuwa mizuri kwa nchi nyingine. Tela linaloonekana safi kwenye video ya Marekani au Uingereza nalo linapaswa kuulizwa swali hilo hilo: barabara yake ni ipi?

Matunzo: tela linaozea uani

Tela la mashindano hufanya kazi siku chache kwa mwaka. Siku nyingine hukaa nje, juani na mvuani, na huko ndiko huharibika.

Matairi. Yanaweza kuwa na meno mazuri na bado yakawa yamezeeka. Ubavuni kuna namba nne za tarehe: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nyufa ndogo ubavuni ni dalili ya kubadilisha. Upepo hupimwa matairi yakiwa ya baridi, kwani upepo mdogo hulipasha tairi moto hadi lipasuke. Tela pia libebe tairi lake la akiba, kwa sababu la pikapu linaweza lisiingie.

Beringi. Vumbi na maji huharibu grisi. Angalau mara moja kwa mwaka beringi zifunguliwe, zioshwe, zikaguliwe na kupakwa grisi mpya. Kila kituo cha safari, dereva apitishe mkono karibu na kikombe cha kila gurudumu. Likiwa moja lina joto kali kuliko mengine, safari isimame hapo.

Nati. Baada ya kilomita 50 za kwanza zikazwe tena, hasa kama gurudumu lilifunguliwa.

Breki. Waya hushika kutu na breki hubaki zimekaza au zimelegea. Zijaribiwe taratibu kabla ya kutoka mjini.

Taa. Nyaya hukatika kwa kukwaruzwa na chesisi. Taa za breki na indiketa zikaguliwe kila asubuhi ya safari.

Mikanda. Gari lifungwe kona nne. Mkanda uliochanika uzi hauna kazi tena.

Kwenye mteremko

Mwendo ukipanda mara mbili, nguvu ambayo breki zinatakiwa kuizima inapanda mara nne. Kwa hiyo gia nzito huwekwa kabla ya kuanza kushuka Saranda au Sekenke, na breki hukanyagwa kwa vipindi. Dereva anayesikia harufu ya breki tayari amechelewa kidogo. Aegeshe mahali salama, aache zipoe.

Tela likianza kutikisa mkia, mguu utoke kwenye mafuta na usukani ushikwe wima. Kukanyaga breki kwa ghafla au kuongeza mwendo "ili linyooke" huzidisha tatizo. Kama tela lina breki za umeme, zikazwe zenyewe kwa mkono.

Karatasi nazo

Tanzania, tela husajiliwa TRA na hupata namba yake, tofauti na ya pikapu. Bima nayo iulizwe kwa jina la tela. Isichukuliwe kwamba ya pikapu inatosha. Daraja la leseni lithibitishwe kwa polisi wa usalama barabarani kabla ya safari.

Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inagusa magari ya kuanzia kilo 3,500. Pikapu na tela lenye gari juu vinaweza kufika huko kirahisi, kwa hiyo ni vyema kuwauliza TANROADS mapema kuliko kujua mbele ya mizani.

Mwenye bajeti ndogo na anape tela kwanza: ekseli mbili, breki zinazoshika, matairi mapya. Injini kali ya pikapu inaweza kusubiri msimu ujao.